Picha Bila Tarehe

Asanteni kwa kuja. Leo nataka tuihoji imani moja: kwamba jambo likikutikisa moyo, unalikumbuka sawasawa, na saa yake pia. Picha tunabaki nayo, sibishi. Saa ndiyo ninayoitilia shaka.

Mwaka 2007 mwanasayansi wa ubongo David Eagleman na wenzake walichapisha jaribio ambalo mimi nisingelikubali hata kwa malipo. Watu waliachiwa wakaanguka chali, hawana kamba, kutoka mita 31 hadi kwenye wavu. Kisha kila mmoja akakadiria muda wa anguko lake na wa mwenzake aliyemwona akianguka. La kwake alilirefusha kwa asilimia 36 hivi. Sasa, je, wakati ulienda polepole kweli? Mkononi walifungwa kifaa chenye tarakimu zinazopepesa haraka kiasi cha kutosomeka. Kama ubongo ungekuwa umeongeza kasi, wangezisoma hewani. Hawakuweza. Kwa hiyo urefu ule ulitokea baadaye, walipokumbuka. Ukiogopa, amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulikia hofu, huisukuma hipokampasi, sehemu inayotunza kumbukumbu, ihifadhi mambo mengi kuliko kawaida, ukirudi kuyapekua, unaona mengi, nawe unasema, "Lo, ilichukua muda!"

Hayo ni ya sekunde. Kwenye miezi na miaka, kosa hugeuka: jambo zito huonekana la juzi. Wanasaikolojia Elizabeth Loftus na Wesley Marburger walilionyesha hili mwaka 1983. Ukimwuliza mtu kama ametendewa uhalifu katika miezi sita iliyopita, huchomeka na ya mwaka juzi. Ukimwuliza "tangu ule mlima wa volkano wa St. Helens ulipolipuka," yaani miezi ile ile sita, anajirekebisha, kwa sababu sasa ana mahali pa kuegemeza hesabu yake. Kichwani hamna kalenda, tunakisia.

Nimalizie na chombo cha anga cha Challenger, kilicholipuka tarehe 28 Januari 1986. Kesho yake asubuhi wanasaikolojia Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwaandikisha wanafunzi: ulisikia wapi, saa ngapi, nani alikwambia? Miaka miwili na nusu baadaye wakawauliza tena. Wengi walisimulia tofauti na walivyoandika, tena kwa uhakika mkubwa. Wakaonyeshwa karatasi zao za zamani. Mwandiko waliutambua. Kumbukumbu ya siku ile haikurudi.