Muhogo Wetu na Kazi ya David Baulcombe

SOMOE: Karibuni tena wasikilizaji wetu wa Mtwara, Newala, Tandahimba na ndugu zetu wa Lindi. Mimi ni Somoe, nipo na kaka Bakari, mwalimu wa baiolojia. Leo kaniletea habari za mwanasayansi Mwingereza. Nikamuuliza, huyo anatuhusu nini?

BAKARI: Anatuhusu sana, dada Somoe. Anaitwa David Baulcombe. Alijiunga na Sainsbury Laboratory, maabara ya utafiti wa mimea mjini Norwich, mwaka 1988, na 2007 akahamia Chuo Kikuu cha Cambridge. Maisha yake ya utafiti ni mimea na virusi vyake. Na sisi huku kusini virusi vinatumalizia muhogo.

SOMOE: Ugonjwa wa michirizi ya kahawia.

BAKARI: Huo huo. Watafiti wa Amani, kule Tanga, waliuandika tangu 1936.

SOMOE: Ubaya wake ni kwamba unajificha. Shamba limesimama vizuri, unang'oa muhogo mnene, ganda safi. Unamenya, bado mweupe. Ukiukata vipande ndiyo unakuta mabaka ya kahawia, makavu, kisu kinakwama. Unakatakata unatupa, unabakiwa na nusu sufuria na watoto wanasubiri. Makopa nayo hayafai. Inauma.

BAKARI: Inauma kweli. Jeni za virusi hivyo, yaani maelekezo yao ya urithi, zimo ndani ya RNA, kemikali iliyo ndugu wa DNA. Vinabebwa na inzi weupe, na vinasafiri mbali ndani ya pingili tunazopeana.

SOMOE: Sasa Baulcombe anaingia wapi?

BAKARI: Mwaka 1990 watafiti Marekani walitaka maua ya petunia yakolee zambarau, wakaongeza jeni ya rangi. Maua mengine yakatoka meupe! Jeni iliyoongezwa ilizimika, na ile ya asili ikazimika nayo. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello wakaonyesha, kwa kutumia minyoo wadogo, kwamba RNA yenye nyuzi mbili ndiyo inayozima jeni. Mwaka uliofuata Baulcombe na Andrew Hamilton wakakuta ndani ya mimea vipande vifupi mno vya RNA, vya nukleotidi, yaani herufi za RNA, kama 25.

SOMOE: Vya kazi gani?

BAKARI: Vya kumtambua adui. Virusi vikiingia, mmea unakatakata RNA ya virusi hivyo, halafu unavitumia vile vipande kuisaka RNA yoyote inayolingana navyo na kuiharibu. Kama sungusungu waliogawiwa picha ya mwizi.

SOMOE: Kumbe muhogo una kinga yake! Mbona basi unaoza?

BAKARI: Kwa sababu virusi navyo vina protini za kuidhoofisha kinga hiyo. Maabara ya Baulcombe ilikuwa miongoni mwa zilizolionyesha hilo, mwaka 1998. Na kuna kazi yake nyingine ninayoipenda zaidi. Alichukua virusi vya viazi akavifanya chombo cha kubebea. Unapachika kipande cha jeni ndani ya virusi, unaambukiza jani, virusi vyenyewe vinakisambaza. Kikiwa ni kipande cha jeni ya mmea huo huo, mmea unaizima jeni yake, nawe unaona kilichopungua. Kwa njia hiyo watafiti wanaijua kazi ya jeni moja moja.

SOMOE: Alipata Nobel?

BAKARI: Hapana. Ile ya 2006 walipewa Fire na Mello. Mimi nasema wazi, alistahili kuwemo. Mwaka 2008 alipata Lasker, tuzo kubwa ya utafiti wa tiba ya Marekani, pamoja na Victor Ambros na Gary Ruvkun, na hao wawili wakaja kupata Nobel 2024.

SOMOE: Turudi kwenye muhogo, kaka. Ujuzi huo umeshafika shambani?

BAKARI: Upo mradi wa kituo cha Danforth cha Marekani na watafiti wa Kenya na Uganda. Wanaupa muhogo kipande cha jeni za virusi mapema, ili ujiandae kabla haujavamiwa. Wanakiingiza kwa bakteria aitwaye Agrobacterium, ambaye kwa asili yake huingiza DNA ndani ya mimea. Kenya waliupa kibali cha usalama wa mazingira mwaka 2021. Hapa kwetu muhogo wa namna hiyo haulimwi.

SOMOE: Watu wana hofu, na wana haki ya kuuliza mbegu itakuwa ya nani.

BAKARI: Waulize, na wajibiwe. Ila wasije wakaambiwa ni uchawi. Na tusisahau Namikonga, muhogo wetu wenyewe unaostahimili ugonjwa huu. Watafiti wanautumia kama mzazi wa mbegu mpya. Kwenye kituo cha utafiti cha Naliendele, hapo hapo Mtwara, utafiti wa muhogo umefanyika miaka mingi.

SOMOE: Na mama anayeomba pingili kwa jirani msimu huu?

BAKARI: Asichukue kwa kuangalia majani tu. Aombe wang'oe shina kwanza, wakate mizizi yake yote. Akiona kahawia hata kidogo, pingili za shina hilo asizipande.

SOMOE: Hata kama jirani atanuna?

BAKARI: Amweleze tu. Na jirani akague lake pia.