Misalaba mitatu, watu wanne: huu wimbo wa kantri usikilizeni na maneno yake

Habari zenu watu wangu wa nyumbani, Kenya nzima na majirani wote mnaotufuata, leo hakuna stori ya visa wala bei ya nyumba Texas, leo nataka tuongee wimbo mmoja tu na naomba mkae na mimi hadi mwisho, manake siri ya huu wimbo iko kwa ubeti wa mwisho. Unaitwa Three Wooden Crosses, ameuimba Randy Travis, ulitoka mwisho wa mwaka 2002. Nyinyi mliokulia kwa nyumba ambayo Jumapili asubuhi ni Jim Reeves, halafu Don Williams, halafu Kenny Rogers mpaka chai inaisha kwa birika, huu mtauelewa haraka. Lakini hata kama wewe ni mtu wa mugithi ama bongo flava, kaa hapo.

Stori kwanza. Kuna basi la usiku wa manane linaelekea Mexico, na ndani tunaonyeshwa abiria wanne, mkulima, mwalimu, kahaba na mhubiri, hakuna hata mmoja mwenye jina. Mmoja anaenda likizo, mwingine anaenda kuongeza masomo, na wale wawili waliobaki tunaambiwa wote wanatafuta roho zilizopotea, basi, hapo hauambiwi nani anazitafuta kwa njia gani, umeachiwa mwenyewe. Dereva wa basi hakuona alama ya kusimama, kumbe kuna trela ya magurudumu 18 inakuja. Watatu wakafa. Kando ya barabara, upande wa kulia, pakawekwa misalaba mitatu ya mbao, na kiitikio kinauliza kwa nini isiwe minne, anayejua ni Mungu.

Sasa mimi hizo trela ndio kazi yangu, mnajua, kwa hivyo huu wimbo niliusikiliza kwanza kama dereva kabla sijausikiliza kama Mkristo. Hapa Marekani trela ikiwa imejaa inaruhusiwa kufika pauni 80,000, yaani kama tani 36, na ukiwa unaenda maili 65 kwa saa, karibu kilomita 105, ukanyage breki barabara ikiwa kavu na kila kitu kizima, bado unahitaji kama mita 160 ndio hiyo gari isimame kabisa. Huo ni uwanja mzima wa mpira na nusu juu yake. Unaona basi limekuingilia mbele, unakanyaga, na bado unaenda, unaenda tu. Waliotunga huu wimbo walilijua hilo na wakaliweka kwa mstari mmoja mfupi, kwamba gari ya namna hiyo haisimami ghafla, na wakamwacha dereva wa trela bila kumrushia lawama. Nyimbo nyingi zingemfanya shetani. Mimi kwa hilo peke yake ninawaheshimu.

Na hiyo misalaba ipo kweli jamani, si maneno ya wimbo tu. Ukishuka na barabara kuu ya I-35 kwenda Laredo, huku kusini mwa Texas karibu na mpaka, unaiona kando kando ya barabara, ni desturi ya hawa ndugu zetu wenye asili ya Mexico tangu enzi za Wahispania, wao wanaiita descansos. Kuna mmoja niliukaribia siku moja nikiwa nimeegesha nakagua tairi. Mbao mbili tu zilizofungwa na waya, rangi nyeupe imebanduka upande wa jua, maua ya plastiki yamepauka mpaka hujui yalikuwa mekundu ama ya waridi, na kofia ya mtoto imepigiliwa msumari pale juu. Hakuna jina. Nilisimama pale trela zikipita nyuma yangu na upepo wake unakuyumbisha, nikaelewa kwa nini watu wa huku wakisikia huu wimbo kwa redio hawaongei.

Na sisi si wageni wa hayo mambo. Kila mtu aliyewahi kupanda basi la usiku kwenda Western anajua Salgaa, anajua Sachangwan, zile sehemu za ajali kwa barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, anajua vile watu huanza kuomba kimoyomoyo wakifika pale. Tarehe 31 Desemba 2017 pale Migaa basi na lori zikagongana, watu 36 wakaenda, mpaka serikali ikasimamisha mabasi ya usiku kwa muda. Na kwaya ya Ambassadors of Christ kutoka Rwanda, wale wa Kwetu Pazuri, mnakumbuka mwaka 2011 walipoteza waimbaji wenzao kwa ajali ya barabarani wakirudi kutoka Tanzania. Kwa hivyo mtu akiniambia kantri ni muziki wa wazungu na farasi wao, mimi namuuliza, basi la usiku na lori na Biblia mkononi, hapo kuna kitu gani usichokijua?

Turudi kwa wimbo, maana bado sijawapa penyewe. Katikati unaanza kuuliza kila mmoja ameacha nini. Mkulima ameacha mavuno, nyumba, ekari 80 na kijana wake mdogo ambaye moyo wake tayari umependa shamba. Mwalimu ameacha elimu vichwani mwa watoto wengi. Mhubiri naye, roho inamtoka, anamwekea yule kahaba mkononi Biblia yake iliyolowa damu, anamuuliza kama haioni nchi ya ahadi. Ukifika hapo unajiambia sawa, nimeelewa, ni mahubiri. Halafu mwimbaji anageuza. Anasema hii stori ndiyo aliyosimulia pasta wetu Jumapili iliyopita, ameishika Biblia yenye damu juu kila mtu aione, akasema Mungu ambariki mkulima, na mwalimu, na yule mhubiri aliyempa mama yangu hii Biblia, na mama akanisomea mimi.

Mama yake! Pasta ni mtoto wa yule kahaba. Msalaba wa nne haupo kwa sababu aliyepona ni yeye, yule ambaye ukiambiwa uchague kwenye lile basi nani abaki hai, kanisa letu zima lingemchagua mwisho.

Na mimi nawaambia, hapo ndipo huu wimbo uliwashika hata watu wasioingia kanisani. Hakuna mahali anakemewa. Hauambiwi alilia, hauambiwi aliokoka mbele ya watu, hauambiwi alibadilisha mavazi. Unaambiwa tu alimsomea mtoto wake kitabu. Hayo mengine yote ya katikati, usiku wangapi alisoma, alianza lini, alijikwaa mara ngapi, yameachwa, unayajaza wewe na maisha yako.

Sasa muone ulivyofaulu. Randy Travis alikuwa mkubwa sana miaka ya themanini, albamu yake Storms of Life ya 1986 ndiyo iliyorudisha kantri ya kizamani kwa redio, na kabla ya hapo alikuwa mpishi na mwosha vyombo kwa klabu moja ya Nashville, anapika samaki halafu anatoka jikoni anapanda jukwaani kuimba. Lakini kufika 2002 redio ilikuwa imemsahau, mara ya mwisho kuwa namba moja ilikuwa 1994. Yeye akaenda zake kuimba injili. Wimbo ukatoka kwa albamu ya injili, Rise and Shine, chini ya Word, lebo ya muziki wa Kikristo, na lebo hiyo haikuwa imewahi kufikisha wimbo namba moja kwa chati ya kantri ya Billboard hata siku moja. Na muangalie wakati wenyewe, Machi 2003 Marekani imeingia vitani Iraq, redio za kantri zimejaa nyimbo za bendera na vita. Mei 2003 wimbo wa basi na Biblia ukakaa namba moja. Ilikuwa namba moja yake ya 16. Mwaka huohuo chama cha muziki wa kantri, CMA, kikaupa tuzo ya wimbo bora wa mwaka, na mwaka uliofuata albamu ikachukua Grammy upande wa injili.

Hiyo tuzo ya CMA ya wimbo bora inaenda kwa watunzi, na hapa lazima nimtaje Kim Williams aliyeuandika pamoja na Doug Johnson. Kim Williams alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha vioo huko Tennessee, mwaka 1974 moto wa umeme ukamuunguza vibaya sana, akafanyiwa upasuaji zaidi ya mara 200. Mara 200 watu wangu. Akaingia kuandika nyimbo baada ya hapo, miaka yake ya hospitali. Mtu kama huyo akiandika kuhusu kinachobaki mwili ukivunjika, mimi namwamini, hakukitoa kwa vitabu. Alifariki 2016.

Waimbaji wetu wa injili nyumbani, nawapenda na nawasikiliza hadi usiku nikiendesha, lakini nina ombi. Tumeimba adui ashindwe, tumeimba mwaka huu ni wangu, tumeimba nitainuliwa, sawa, watu wanahitaji kutiwa moyo. Stori ziko wapi? Ile ya mama mboga aliyesomesha watoto sita, ile ya makanga aliyerudisha pochi, ile ya msichana aliyefukuzwa kwao na leo ndiye anawanunulia dawa wazazi. Kwaya za zamani zilikuwa zinasimulia, unasikiliza kama unaangalia filamu. Mtu aandike moja yenye watu wanne na basi na swali moja, atupe jibu dakika ya mwisho, aone kama haitapigwa kwa matatu zote.

Kitu kimoja tu sikukipenda, nikiseme. Yule mama haongei. Mhubiri anaongea, mtoto wake anaongea, yeye ndiye amebeba stori yote na hajapewa hata neno moja. Ningetaka kumsikia, hata mstari mmoja tu.

Na Randy mwenyewe, kwa wale hamjui, Julai 2013 alipata kiharusi, sauti ile nzito ikaondoka, akabaki na maneno machache. Mwaka 2016 alipoingizwa kwa ukumbi wa heshima wa kantri akaimba Amazing Grace mbele ya watu, taratibu, kwa shida, na ukumbi ukalia. Mwaka 2024 wakatoa wimbo mpya wakitumia akili bandia kurudisha sauti yake, mwimbaji mwingine ndiye aliimba, halafu ikavishwa sauti ya Randy, na yeye mwenyewe aliridhia. Watu wamebishana sana juu ya hilo. Mimi nikimwona ameketi anajisikiliza akiimba tena, siwezi kumnyima.

Haya, wimbo haufiki dakika nne, utafuteni, na usiuweke nyuma ukiosha vyombo, kaa chini usikilize maneno, kama Kiingereza kinakimbia sana muombe kijana wa nyumbani akutafsirie pole pole. Mtumie na pasta wako. Video ijayo ni ile ya leseni ya trela mliyoniomba, gharama zote na mtihani wenyewe, Mungu awalinde huko barabarani, hasa nyinyi mnaosafiri usiku wa leo.