Mashini imeliwa na virusi: tuweke Linux gani?

NADÈGE: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Lubumbashi na wa kokote mliko. Mimi Nadège, niko na Patient. Leo tuna swali la mama mmoja mwenye sekretaria, duka la kuandikia na kuchapishia watu kazi zao, upande wa Kasapa, ametutumia sauti kwa WhatsApp. Mashini yake imejaa virusi. Fundi anaiformati, virusi vinarudi. Sasa kijana wake kamwambia aweke Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, nao uko wa aina nyingi, naye anauliza: ipi?

PATIENT: Yaya, kabla hujataja jina lolote, tuwaambie watu kwanza kwa nini vinarudi.

NADÈGE: Vinaingilia milango miwili. Wa kwanza, fundi anarudisha Windows ileile ya krak, kutoka fleshi ileile. Kile kiprogramu cha kuamsha Windows bila leseni, jambo la kwanza kinalokuomba ni uzime antivirusi. Ukishazima, aliyekitengeneza anaweka anachotaka. Mlango wa pili ni fleshi za wateja. Sekretaria iliyo karibu na chuo inapokea fleshi kutwa nzima, huyu TFC, ile kazi ya kumalizia masomo ya chuo, yule barua ya kuomba kazi. Moja ikiwa na kirusi, zinazofuata zote zinaondoka nacho.

PATIENT: Ni kile kirusi kinachogeuza mafaili kuwa njia za mkato. Kinahamishia kazi yako kwenye folda iliyofichwa, halafu kinaweka alama zenye majina yaleyale. Mwanafunzi anaona "Chapitre 2", anabofya, kazi inafunguka kweli, kumbe na kirusi kimeshaamka.

NADÈGE: Ndiyo sababu nasisitiza mtu aonje Linux kwa fleshi kabla ya kuifunga kwenye diski. Unawashia mashini kwenye fleshi, mfumo unafanya kazi kutoka kwenye fleshi na RAM, diski yako haiguswi. Halafu chomeka fleshi moja yenye kirusi hicho uangalie. Utaona vifaili vya .lnk, ndizo zile njia za mkato, kilobaiti moja, mbili. Utaona kingine cha .vbs, ndicho kirusi chenyewe. Na hapohapo kuna folda moja ambayo haina jina kabisa, chini ya picha yake ni patupu. Ifungue: TFC yote imo, kurasa zote. Ile alama ya kuficha ambayo Windows inaitii, Linux haiijali. Nimeona wanafunzi waliokuwa wameshaanza kulia kwamba kazi ya mwaka imepotea, na kazi ilikuwa imelala kwenye fleshi muda wote.

PATIENT: Hapo ongeza: ukishanakili hati, futa zile .lnk, .vbs na autorun.inf. Kirusi cha Windows hakiamki ndani ya Linux, lakini kinabaki kwenye fleshi, kinaondoka na mteja hadi sekretaria ya jirani.

NADÈGE: Umesema kweli.

PATIENT: Haya, jina sasa. Mimi kwa mama huyu, katika aina za Linux, ningesema Zorin. Sura yake inafanana na Windows, hatapotea.

NADÈGE: Zorin ni nzuri, wako Dublin, toleo la kwanza lilitoka 2009. Lakini mimi namwekea Linux Mint, ile ya Xfce, yenye muonekano mwepesi. Kufanana na Windows hata Mint inafanana: menyu iko chini kushoto, saa iko kulia, dirisha linafungwa palepale alipozoea. Ninachoangalia ni siku printa inapogoma na watu wamejaa mlangoni. Atamuuliza nani? Mint ipo tangu 2006, imejengwa juu ya Ubuntu, Linux nyingine inayojulikana sana, kwa hiyo dawa nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya Ubuntu zinaifaa nayo, na kwa Kifaransa zimejaa. Tena matoleo ya 22, yaliyoanza 2024, yatapata marekebisho ya usalama hadi 2029. Sio kila mwaka kubadilisha.

PATIENT: Na RAM?

NADÈGE: Wenyewe Mint wanasema giga 2 kwa uchache, giga 4 ukitaka raha, na diski giga 20. Mashini nyingi za mtumba zinazouzwa hapa mjini zinafika. Ikiwa una giga 1, basi iko antiX, nyepesi sana, na ina toleo la bit 32, la prosesa za zamani. Ila msikilizaji ajue: kinachokula RAM ni kivinjari. Ukurasa wa Facebook una uzito uleule juu ya distro yoyote, yaani aina yoyote ya Linux. Antix itakuandikia barua na kuchapisha, lakini usiiombe ifungue kurasa kumi za intaneti.

PATIENT: Kuhusu bit 32, wengi wanajidanganya. Anaona Windows 7 yake imeandikwa bit 32, anadhani mashini ndiyo ya bit 32. Angalia prosesa. Core 2 Duo, kwa mfano, ni bit 64, hata kama fundi aliiwekea Windows ya 32. Hiyo inapokea Mint bila shida.

NADÈGE: Ubuntu yenyewe sijaikataa. Kwenye mashini yenye RAM ya kutosha ni nzuri. Ni ule muonekano wake wa kawaida tu, unalemea mashini kuukuu.

PATIENT: Yaya, kuna jambo linaniuma. Vijana wetu hapa, ukiwaambia Linux, jibu la kwanza ni Kali. Kijana anamwekea mama yake Kali.

NADÈGE: Hapana, hapana kabisa. Kali imetengenezwa kwa watu wanaopima usalama wa mitandao, na waliotengeneza Kali wanaandika wazi kwamba haimfai anayeanza Linux. Mama anataka kuchapisha. Kijana anayempenda mama yake amwekee kitu ambacho mama mwenyewe anaweza kukitunza siku kijana hayupo.

PATIENT: Printa je? Bila printa sekretaria imefungwa.

NADÈGE: Hilo ndilo la kupima kwanza, ukiwa bado kwenye fleshi. Chomeka printa, chapisha ukurasa mmoja. HP nyingi zinajitambulisha zenyewe, kwa sababu ya HPLIP, programu ya kuendesha printa za HP, ambayo tayari imo ndani. Canon LBP zile zinazotumia CAPT, lugha ya printa ya Canon wenyewe, kama 2900, zinataabisha. Ikikataa, tafuta suluhisho kabla hujafuta chochote. Kisha fungua TFC moja ndefu kwenye LibreOffice. Wengi wanaogopa kurasa zitasogea. Mint inakuja na Liberation Serif, herufi zake zina upana uleule wa Times New Roman, hivyo mistari inakatika karibu palepale. Ukitaka Times yenyewe, kuna kifurushi cha ttf-mscorefonts-installer. Majedwali na picha, hapo kagua kwa macho kabla ya kuchapisha. Kama mteja hatakuwa na cha kurekebisha, aje na PDF.

PATIENT: Na anayefanya hesabu kwa Sage, ile programu ya uhasibu?

NADÈGE: Huyo abaki Windows, lakini ya halali. Sage ya Windows haitamfanyia kazi vizuri huku, nisimpotezee muda.

PATIENT: Tuje kwenye kuipata. Ni karibu giga 3. Kwa mega za simu hizo ni pesa.

NADÈGE: Tafuteni rafiki mwenye wifi ya ofisi au ya chuo, au anayetumia Mint tayari akunakilie. Ila faili lolote, hata la rafiki, lipimwe kwa SHA256, namba ndefu inayokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe. Unalinganisha ile namba ndefu na iliyo kwenye tovuti ya Mint. Herufi moja ikitofautiana, tupa. Na fleshi ya kufungia msiitengenezee kwenye mashini yenye virusi.

PATIENT: Kama nyumbani hakuna kompyuta nyingine?

NADÈGE: Simu ya Android inaweza. Kuna programu inaitwa EtchDroid, na kale kawaya ka OTG ka kuunganisha fleshi na simu. Unaandika Mint kwenye fleshi moja kwa moja kutoka kwenye simu. Halafu ukiwasha mashini, bonyeza F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP, uchague fleshi.

PATIENT: Mafaili ya zamani yaliyo kwenye diski?

NADÈGE: Ukiwa bado kwenye fleshi, nakili hati na picha kwenye diski ya nje. Acha .exe, .scr, .lnk na kila kiprogramu, hata kama unakipenda. Diski ya Windows ikikataa kuandikwa, mara nyingi ni kwa kuwa Windows haikuzimwa kikamilifu. Wewe soma tu, unakili. Kisha chagua kufuta diski nzima. Watu wananiuliza, si tubakize Windows pembeni? Kwa mashini iliyoambukizwa, hapana. Ukiibakiza, kirusi umekiachia chumba chake, na siku utakapoiwasha kitaendelea pale kilipoishia.

PATIENT: Na asianze kufunga Linux wakati umeme wa SNEL unayumba. Laptopu iwe na betri imejaa. Ya mezani isubiri saa ambayo umeme unatulia mtaani kwake.

NADÈGE: Bado maneno ya siri. Kama kirusi kilikaa miezi kwenye ile mashini, na kivinjari kilikuwa kimehifadhi neno la siri la Gmail na la Facebook, hesabu kwamba yameshachukuliwa. Kufuta diski hakuyarudishi. Mama abadilishe yote kupitia simu yake, hata leo, kabla ya kazi ya Linux kuanza. Gmail iwe ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayofungulia mengine. Kwenye Gmail na kwenye Facebook aingie pale panapoonyesha vifaa vilivyounganishwa, aondoe kila asichokitambua, kisha awashe uthibitisho wa hatua mbili.

PATIENT: Mama wa Kasapa, ukikwama kwenye printa tutumie sauti nyingine, utuambie aina yake na namba iliyoandikwa mbele.