Mguu si Shahidi wa Kuaminika: Mhadhara juu ya Mijusi wa Jenasi ya Brachymeles

Waheshimiwa wasikilizaji, mijusi nitakaowazungumzia jioni hii si wa kwetu. Karibu wote wanaishi Ufilipino, na hata huko hutawakuta wakiota jua waziwazi. Itakubidi upasue magogo yaliyooza, uchakure majani msituni, au ufunue chungu ya makumbi ya nazi iliyoachwa ikinyeshewa pembezoni mwa shamba. Ukifunua makumbi hayo huenda ukaona kitu cha kahawia, kinang'aa kana kwamba kimepakwa mafuta, kikizama udongoni kabla hujaamua kama ni mnyoo, nyoka au mjusi. Ni mjusi, wa familia ya Scincidae, ile ile ya mijusi wetu wenye magamba laini yanayoteleza.

Jenasi yao, Brachymeles, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, ilipewa jina mwaka 1839 na Wafaransa wawili, Duméril na Bibron, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya viungo vifupi. Ndani yake wamo mijusi wenye miguu minne na vidole vitano kila mguu, wamo wenye vijiguu vya kidole kimoja au viwili, na wamo wasio na miguu kabisa. Mchukueni Brachymeles bonitae wa kisiwa cha Luzon. Mguu wake wa mbele haufikii urefu wa punje ya mchele, umelala ubavuni, na anayetaka kuhesabu vidole hana budi kuuinua kwa ncha ya sindano chini ya lenzi.

Kwa muda mrefu hesabu hiyo ya vidole ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya uainishaji, pamoja na idadi ya magamba na urefu wa kiwiliwili. Mmarekani Edward Taylor, aliyefanya kazi Ufilipino mwanzoni mwa karne ya 20, alieleza spishi kadhaa kwa njia hiyo. Mmoja asiye na miguu, wa visiwa vya Sulu, alimwita vermis, yaani mnyoo, mwaka 1918. Vita vya Pili vya Dunia viliteketeza hazina kubwa ya sampuli zilizokuwa zimehifadhiwa Manila, na hasara hiyo iliwasumbua waliofuata, kwa maana maelezo ya kitabuni, hata yakiwa mazuri namna gani, hayawezi kupimwa upya kwa rula. Mwaka 1967 Walter Brown na Dioscoro Rabor waliipitia jenasi nzima, na mijusi kadhaa wa visiwa tofauti wakawahesabu kuwa nususpishi tu, yaani aina ndogo ndani ya spishi moja, Brachymeles boulengeri.

Sitawalaumu, kwa kuwa walifanya walichoweza kwa vifaa vya wakati wao. Lakini kuanzia mwaka 2009 Cameron Siler, Rafe Brown na wenzao walipolinganisha DNA, nususpishi hizo zilionekana kuwa koo zilizotengana zamani, nazo zikapandishwa daraja. Spishi zilizokuwa takribani 15 sasa zimezidi 40. Baadhi ya majina mapya hayakutoka katika Kilatini: muntingkamay, wa mwaka 2009, ni Kitagalogi cha mkono mdogo, na dalawangdaliri, wa mwaka 2016, ni vidole viwili. Napenda uteuzi huo. Mnyama ameitwa kwa lugha ya watu wanaoishi naye.

Kisa kinachonifurahisha zaidi ni cha Thailand. Mwaka 1972 mtaalamu Heyer alieleza mjusi asiye na miguu kutoka huko, na kwa kuwa hakumwona kufanana vya kutosha na wengine, alimtungia jenasi yake pekee, Davewakeum. DNA ilipochunguzwa baadaye ikaonekana kwamba mjusi huyo ni Brachymeles, na leo anaitwa Brachymeles miriamae. Mwingine asiye na miguu, apus, alielezwa na Hikida mwaka 1982 kutoka mlima Kinabalu, Borneo.

Hapo ndipo shina la hoja yangu lilipo. Wasio na miguu hawakukaa pamoja katika tawi moja la ukoo. Wametapakaa miongoni mwa wenye miguu, na vivyo hivyo wenye vidole vichache. Siler na Rafe Brown waliandika mwaka 2011 kwamba huenda baadhi ya koo zilipoteza miguu kisha zikaipata tena, jambo linalogongana na kanuni ya Mbelgiji Louis Dollo, kwamba kiungo tata kilichopotea hakirudi. Utafiti wa mwaka 2020 ulikadiria kuwa miguu ilipotea miaka milioni 62 hivi iliyopita na kurudi miaka milioni 21 iliyopita, na ukahusisha kurudi huko na mvua za msimu zilizobadilisha udongo wanamochimba. Wapo wanaoona kwamba upotevu uliojirudia mara nyingi unaeleza mambo kwa urahisi zaidi. Mimi naegemea upande wa kurudi kwa miguu, ila sitakula kiapo.

Katika milima ya Tanzania tunao mijusi wa jenasi ya Melanoseps, weusi, wasio na miguu, wanaoishi chini ya udongo na majani yaliyooza. Mkiwaweka mezani kando ya apus wa Borneo mtadhani ni watoto wa baba mmoja, lakini kila mmoja alifika hapo kwa njia yake.