Jezi 12 za Mike Sillinger

Shikamooni wazee wangu, vijana mambo vipi. Asanteni sana kwa kuja, nje baridi imekaza na kuna watu humu wametoka mbali na watoto wadogo. Nilipoambiwa niongelee maisha ya mchezaji wa kulipwa wa hoki ya barafu najua wengi mlitegemea nimtaje staa kama Gretzky au Crosby, ila mimi leo nataka tuongee habari za kijana wa hapa hapa Regina, mji wetu huu wa Kanada, Mike Sillinger, maana sisi wazazi tunawaamsha watoto saa kumi na moja alfajiri kuwapeleka mazoezini, digrii 30 chini ya sifuri, na hakuna aliyewahi kukaa nasi akatueleza kazi hii ikoje kwa mchezaji ambaye sio staa.

Kazaliwa hapa 1971. Akachezea Regina Pats, hii timu yetu ya vijana, na misimu mitatu mfululizo alifunga magoli 50 na zaidi kila msimu, mtoto wa nyumbani mji mzima unamjua. 1989 Detroit Red Wings wakamchukua kwenye drafti, akiwa namba 11 kati ya vijana wote wa mwaka ule. Drafti kwa wasioijua ni ile siku timu zinachagua vijana kwa zamu, na timu ikishakuchagua ndo yenye haki na wewe.

Sasa Detroit wakati ule senta wao, yaani wachezaji wa katikati, nafasi yake Sillinger, ni Steve Yzerman na Sergei Fedorov, mastaa. Unampita nani pale? Ikabidi ashuke Adirondack, timu yao ya daraja la chini kwenye ligi ya AHL, wakabeba kombe la ligi hiyo 1992, anapanda Detroit, anashushwa, anapanda tena. Aprili 1995 wakamtoa kwenda Anaheim, na 1997 Detroit hao hao wakachukua Stanley Cup, kombe la ubingwa wa NHL, ligi kuu ya hoki huku Amerika Kaskazini, 1998 wakachukua tena. Yeye kastaafu bila kulinyanyua hilo kombe hata mara moja. Mi linaniuma mpaka leo na wala sio ndugu yangu.

Hapa kwenye kutolewa ndo nataka mnisikilize vizuri, hasa mliokulia kwenye soka kama mimi. Kwenye soka klabu mbili zikikubaliana, mchezaji bado ana neno lake, akikataa dili limekufa. Kwenye NHL hakuna hiyo. Mkataba wako unahama na wewe kama ulivyo, wanabadilishana mtu kwa mtu au mtu kwa nafasi ya kuchagua kwenye drafti, wanaita tredi, labda tu mkataba wako uwe na kipengele cha kukataa na hicho hakipewi kila mtu. Simu inaita, unaambiwa wewe sasa ni wa timu fulani, na pengine mechi yao ni kesho yake usiku, kwa hiyo unabeba begi la vifaa na suti mbili tatu unakwenda eapoti, mke ndo anabaki na nyumba, na shule za watoto, na gari.

Sasa sikilizeni safari yake. Detroit, Anaheim, 1996 Vancouver, 1998 mwanzoni Philadelphia na kabla mwaka haujaisha yuko Tampa Bay, 2000 Florida, 2001 Ottawa, kiangazi cha mwaka huo huo mkataba umeisha akasaini mwenyewe Columbus, akapumua miaka miwili, 2003 Columbus wakampeleka Dallas na Dallas siku hiyo hiyo wakampeleka Phoenix, yaani hata jezi ya Dallas hakuivaa, 2004 St. Louis, 2006 Nashville, halafu New York Islanders. Timu 12 alizochezea, rekodi ya NHL. Mimi nilikaa nikahesabu, misimu minane alimaliza akiwa na jezi tofauti na ile aliyoanza nayo, na ukitazama tarehe utaona nyingi ni kuanzia Januari mpaka Machi, watoto wako katikati ya mwaka wa shule.

Kuna mtu atasema basi hakuwa mzuri, ndo maana kila mtu alimtoa. Hapana jamani. Ile Februari na Machi ndo timu zinazotaka kombe zinatafuta mtu wa kuziba pengo kabla dirisha halijafungwa, na zinatafuta mtu wa aina yake. Refa anapodondosha paki, kile kisahani kigumu kinachochezewa badala ya mpira, katikati ya masenta wawili, ile nusu sekunde inaamua nani anashambulia na nani anakimbia nyuma, na Sillinger hapo alikuwa fundi kweli kweli. Timu ikiadhibiwa, mmoja wenu kakaa nje dakika mbili mko wanne dhidi ya watano, yeye ndo anaingia kujirusha mbele ya mashuti. Kazi hiyo haimpi mtu bango barabarani ila makocha wanaijua bei yake. Mechi 1,049, magoli 240, asisti 308. Wangapi wanafika mechi elfu moja?

Niwaambie kwa nini nimemsoma huyu mtu hivi. Mwanangu aliwahi kuhamishiwa timu ya pili katikati ya msimu, siku ya kwanza tumefika uwanjani akagoma kushuka kwenye gari, analia, ananiambia baba hawanitaki. Sikuwa na jibu. Nilimwambia tu tukae kidogo hita ikiwa inawaka, nikaanza kumhadithia habari za Sillinger, timu moja moja, tulipofika Tampa Bay akaniuliza sasa vitu vyake nani alikuwa anavihamisha, tulipofika Phoenix ameshaanza kufunga kamba za skeiti.

Na mwisho mwisho kule ndo alipochanua. Msimu wa 2006-07, Islanders, ana miaka 35, magoli 26 na pointi 59, yaani magoli na asisti ukijumlisha, msimu bora kuliko yote kwake kwa pointi. Umri ambao wenzake wengi wameshatundika skeiti. Halafu nyonga ikagoma, akapasuliwa, msimu wa 2008-09 akacheza mechi saba tu na 2009 akastaafu.

Ile miaka miwili ya Columbus niliyosema alipumua, Mei 2003 mkewe alijifungua pale mtoto wa kiume, Cole. Miezi miwili baadae baba katolewa, familia ikaondoka na kichanga, na Cole akakulia huku huku Regina. 2021 ikafika zamu yake ya drafti, namba 12, moja tu nyuma ya baba yake, na timu iliyosimama kutaja jina lake ni Columbus Blue Jackets. Alikuwa na miaka 18, vuli hiyo hiyo akaanza kucheza NHL, kwenye mji uleule aliozaliwa.

Haya, vijana nawaona mna maswali, tuanze na yule dada wa nyuma.