Farasi wa Sardia walitoka wapi? Fergana, Samarkand na ziwa la mifupa

SALMA: Habari zenu wasikilizaji, leo kitabu ni kimoja tu, Under Heaven cha Guy Gavriel Kay, yule Mkanada, kilitoka 2010. Kama hujakisoma kaa tu usikilize, mwisho hatuutaji. Tunataka kuongelea ardhi yenyewe iliyo nyuma ya hadithi, manake Kay kabadilisha majina lakini ukifungua ramani unaziona sehemu zote. Kitai ni China ya nasaba ya Tang, Xinan ni Chang'an, Tagur ni Tibet.

DEO: Na Sardia ni Fergana. Mi hapo ndo nataka tukae leo, dada, nakuambia mapema kabisa, kwasababu kitabu kizima kinaendeshwa na farasi wa Sardia alafu Sardia yenyewe hatufiki hata siku moja.

SALMA: Najua una neno lako hapo, utalisema. Tuanze mwanzo kwanza, ziwani.

DEO: Haya, ziwani. Anza wewe.

SALMA: Kijana anaitwa Shen Tai, baba yake alikuwa jenerali, kafariki. Badala ya kukaa matanga nyumbani anapanda mpaka ziwa la Kuala Nor mpakani, ambako palipiganwa vita miaka ishirini nyuma na mifupa imebaki pale juu ya majani, anaanza kuizika. Wa kwao na wa Tagur wote anawazika, habagui. Usiku mizimu inalia, na kuna usiku sauti moja inanyamaza, anajua leo nimemzika yule. Mi hapo nilifunga kitabu nikakaa kwanza.

DEO: Ni mwanzo mzito kweli. Na lile ziwa lipo, ni Qinghai, wengine wanaliita Kokonor, liko juu kama mita 3,200 kutoka usawa wa bahari, maji yake ya chumvi, na ni kubwa, zaidi ya kilomita za mraba 4,000. Tang na Tibet walipigania maeneo yale vizazi na vizazi. Mwaka 749 Tang waliteka ngome moja ya Watibet upande ule inaitwa Shibaocheng, ngome iko juu ya jabali, wanajeshi walikufa kwa makumi ya maelfu kwa ajili ya jabali moja.

SALMA: Alafu yupo Du Fu, mshairi wa wakati uleule wa Tang. Ana shairi kuhusu vijana wanaochukuliwa kwenda vitani, mwisho wake anasema kule Kokonor mifupa meupe tangu zamani hakuna wa kuiokota, mizimu mipya inalalamika na ya zamani inalia, mvua ikinyesha unaisikia. Kwahiyo ukisoma lile shairi ukarudi kwenye riwaya unaona kabisa, Kay kamchukua mtu ambaye Du Fu alisema hayupo. Hakuna wa kuiokota, sasa huyu hapa anaokota.

DEO: Aisee. Hiyo sikuwa nimeiunganisha hivyo.

SALMA: Ndo ninachompendea Kay, fantasia yake ni ndogo sana, mizimu tu na mambo mawili matatu, lakini kaiweka pale ambapo historia yenyewe ilikuwa inalia.

DEO: Sasa kwa ile kazi binti mfalme wa Kitai aliyeolewa Tagur anamtumia zawadi, farasi 250 wa Sardia. Na hili la mabinti kuolewa Tibet ni la kweli, Wencheng alipelekwa 641, Jincheng 710. Kwenye kitabu wanasema farasi mmoja ni heshima kubwa, wanne au watano watakuinua mpaka wenzako wakuonee wivu, sasa 250 ni hukumu ya kifo, watu watakuua njiani. Tai anaokoka kwasababu farasi wamebaki mpakani na hawatolewi kwa mtu mwingine zaidi yake.

SALMA: Sasa sema la Fergana, naona limekukaa kooni.

DEO: Limekaa kweli. Fergana ni bonde, leo limegawanywa kati ya Uzbekistan, Tajikistan na Kirgizistan, urefu kama kilomita 300, milima pande zote, na mito miwili ya Naryn na Kara Darya inakutana humo ndani inakuwa Syr Darya. Ni kijani. Yani ukitoka majangwani ukaingia pale unaelewa kwanini watu walijenga miji. Mwaka 126 KK mjumbe wa China anaitwa Zhang Qian alirudi nyumbani baada ya miaka zaidi ya kumi huko magharibi, sehemu kubwa ya hiyo miaka alikuwa mateka, akamwambia mfalme Wudi kuna nchi inaitwa Dayuan, ndo hiyo Fergana, wanalima, wana mvinyo wa zabibu, na wana farasi wanaotoka jasho la damu.

SALMA: Hilo jasho la damu ni kweli au ni chumvi ya wasafiri?

DEO: Kuna maelezo, wapo minyoo wanaokaa chini ya ngozi ya farasi, wanatoboa, damu inachuruzika na jasho. Lakini kwa mfalme ilikuwa ni farasi wa mbinguni, basi. Akatuma watu na dhahabu, na sanamu ya farasi ya dhahabu, wakanunue. Dayuan wakakataa, ugomvi ukazuka, wajumbe wakauawa. Mfalme akatuma jeshi mwaka 104 KK chini ya Li Guangli, na lile jeshi lilikufa njaa njiani, miji ya jangwani ilifunga malango haikutoa chakula, waliorudi Dunhuang, mji wa mpakani, hawakufika hata watu wawili kwa kila kumi. Unajua mfalme alifanya nini? Akatuma ujumbe Lango la Jade, lango la kuingilia China, askari yeyote wa lile jeshi atakayethubutu kuingia akatwe kichwa.

SALMA: Eeh!

DEO: Ndo hivyo. Wakakaa nje. Akaongeza wengine, safari ya pili watu 60,000, ng'ombe 100,000, farasi 30,000, na ndani ya msafara kulikuwa na mafundi wa maji. Hapa nawaomba msikilize vizuri kwasababu mi naona hapa ndo pana riwaya nyingine kabisa. Mji mkuu wa Dayuan haukuwa na visima ndani, maji yalitoka mto wa nje. Wale mafundi wakaugeuza mto. Mji mzima, watu, wale farasi wanaogombaniwa, wote wanasubiri maji. Ukazingirwa siku arobaini, ukuta wa nje ukavunjika, wakubwa wa mji wakamuua mfalme wao wakapeleka kichwa chake kwa Wachina wakasema chukueni farasi mnaowataka, mkikataa tunawaua farasi wote.

SALMA: Wakachukua wangapi?

DEO: Wale bora kabisa makumi machache tu, na wa kawaida elfu tatu na ushee. Na waliorudi kuingia Lango la Jade ni watu elfu kumi hivi na farasi elfu moja na kidogo. Haya yote kaandika Sima Qian, mwanahistoria wa wakati uleule.

SALMA: Mh. Kwahiyo unaposoma farasi 250 kapewa mtu mmoja kama zawadi...

DEO: Unajua uzito wake. Na kitu kingine hakisemwi sana, wajumbe walirudi na mbegu pia, mbegu za zabibu na mbegu za lusini, hii hii lusini wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanayolisha. Mfalme akapanda lusini mashamba mpaka karibu na majumba yake. Manake farasi mkubwa bila malisho yake ni hasara tupu. Watu wa Fergana walikuwa na ujuzi, vizazi vya kuchagua dume na jike, vizazi vya kulima majani, huo ndo uchawi wenyewe. Riwaya inatuonyesha farasi tu, kana kwamba walishuka kutoka angani.

SALMA: Hapa kaka nakupinga. Kitabu kinasimuliwa na watu wa Kitai, na kwa mtu wa Kitai Sardia ni jina tu, hajawahi kuiona, farasi anamwona sokoni au kwenye mchoro. Kay angetupeleka Sardia angekuwa anavunja macho ya wahusika wake. Kule kutofika ndo ukweli wa Chang'an.

DEO: Chang'an gani hiyo ambayo haiwajui? Walikuwa wamejaa humo ndani! Wasogdi, wale wafanyabiashara kutoka Samarkand na Bukhara, walikuwa na masoko, mahekalu, vilabu vya mvinyo, wacheza ngoma. Kwenye kitabu hichohicho kuna jenerali mnene, An Li, anaitwa Roshan, ndo An Lushan wa kweli. Baba yake Msogdi, mama Mturuki. Jina An lenyewe Wachina waliwapa watu wenye asili ya Bukhara. Alianzia chini, dalali na mkalimani wa sokoni mpakani, anajua lugha sita, mpaka akashika majeshi ya mikoa mitatu ya mpaka. Na pamoja na unene wake alikuwa anamchezea mfalme ile ngoma ya Kisogdi ya kuzunguka, wanasema alizunguka kama upepo. Mwisho wa 755 akaasi.

SALMA: Na ule uasi ulienda mpaka 763, nchi haikurudi tena ilivyokuwa.

DEO: Na kwenye vurugu zile kuna mji watu waliuawa kwasababu ya pua ndefu tu, mtu akionekana kama wa magharibi basi. Kwahiyo mi nasema Roshan kwenye riwaya anakuja kama tishio la mtu mmoja, lakini nyuma yake kulikuwa na jamii nzima yenye wake na watoto na madeni.

SALMA: Hapo kwenye wake na madeni nakupa hoja, manake nilisoma barua ya yule mama, Miwnay. Wasikilizaji, mwaka 1907 mwanaakiolojia Aurel Stein alichimba mnara wa ulinzi magharibi ya Dunhuang akakuta barua za Kisogdi, zimeandikwa kwenye karatasi, zimekunjwa, hazikuwahi kufika, sasa ziko London. Ni za miaka ya 313 hivi. Moja ni ya mwanamke aliyeachwa Dunhuang na mume wake mfanyabiashara, yuko na binti yao anaitwa Shayn, kakwama miaka mitatu, kila anayemwomba amsindikize kwao anamzungusha, wamebaki kuwatumikia Wachina. Anamwandikia mume, nilikutii nikaja Dunhuang, sikumsikiliza mama wala kaka zangu, miungu walikuwa wamenikasirikia siku ile niliyokufuata, bora ningekuwa mke wa mbwa au wa nguruwe kuliko kuwa mke wako.

DEO: Na barua haikufika.

SALMA: Haikufika. Sasa mi huyo mama namwona kuliko mhusika yeyote wa kike kwenye hiki kitabu, na naongea kama mtu anayekipenda kitabu.

DEO: Basi tuko pamoja kuliko unavyokiri.

SALMA: Kidogo. Lakini nikutajie mmoja ambaye Kay kampatia, Sima Zian, yule mshairi mlevi wanayemwita Mtakatifu Aliyefukuzwa Mbinguni, huyo ni Li Bai. Na wasomi wengi wanaamini Li Bai alizaliwa 701 huko Suyab, leo panaitwa Ak-Beshim, karibu na Tokmok, Kirgizistan. Ni magofu ya udongo kwenye bonde la mto Chu, wamechimba mahekalu ya Kibudha na makanisa ya Wanestoria, yani Wakristo wa mashariki, vyote mji mmoja. Xuanzang yule mtawa alipita pale karibu 630 akakutana na kagani, yani mtawala mkuu, wa Waturuki. UNESCO wameuorodhesha tangu 2014. Kwahiyo mshairi ambaye China nzima inamjua huenda alizaliwa kwenye mji wa Wasogdi chini ya milima ya Tianshan.

DEO: Sasa na hapo karibu kuna kitu, ukishuka kusini mpaka Osh, kuna sehemu inaitwa Aravan, kuna jabali limechongwa farasi wa zamani sana, shingo imepinda, kiuno chembamba, miguu mirefu, watu wengi wanaamini ndo haohao farasi wa Dayuan. Na wenyeji wa pale, Waislamu, wanapaheshimu kama pa Duldul, yule mnyama wa Imam Ali, wanaenda kuomba dua. Farasi wa mfalme Wudi wamesahaulika, lakini jabali lina watu mpaka leo.

SALMA: Hiyo ni nzuri sana.

DEO: Na nimalizie hoja yangu kwa Samarkand. Mwaka 1965 walikuwa wanatengeneza barabara kwenye kilima cha Afrasiab, mji wa zamani, wakakuta chumba kimechorwa kuta zote nne, kazi ya karne ya 7, enzi za mfalme Varkhuman. Ukuta mmoja una wajumbe kutoka nchi mbalimbali, na Wachina wamo, wamevaa kofia zao nyeusi, wamebeba hariri. Wanamletea yeye. Samarkand katikati, wengine wote wanakuja. Na ukuta mwingine umechora Wachina nchini kwao, mfalme anawinda chui, wanawake wako kwenye mashua. Yani walikuwa wanawaangalia Wachina kama Kay anavyoangalia Sardia, kwa mbali, kwa kuvutiwa, pengine kwa kukosea kidogo.

SALMA: Sasa hapo umeharibu hoja yako mwenyewe, si umeona kila mtu anachora nchi ya mwenzake bila kufika?

DEO: Hapana, nimeijenga! Manake tunazo kuta zote mbili. Ninachotaka ni mtu aandike riwaya kutoka kile chumba, kutoka kwa Varkhuman, kutoka kwa Miwnay, kutoka kwa yule fundi aliyekuwa ndani ya mji wa Fergana anachimba kisima cha kwanza wakati mto umegeuzwa. Sima Qian anasema walishapata mtu anayejua kuchimba visima, na Li Guangli aliposikia hivyo ndo akakubali kupatana.

SALMA: Ehee, hiyo ya kisima hukuisema mwanzo!

DEO: Ilikuwepo, nilikuwa naisubiria.

SALMA: Basi hiyo riwaya nitaisoma, tena na ramani pembeni. Wasikilizaji, mkisoma Under Heaven anzeni na lile shairi la Du Fu, ni fupi, alafu mkimaliza tafuteni picha za kuta za Afrasiab, zipo mtandaoni na makumbusho iko palepale Samarkand. Wiki ijayo tunaenda Panjikent, Tajikistan, mji wa Wasogdi uliochomwa 722, tuone na michoro ya Rustam, shujaa wa hadithi za Kiajemi.

DEO: Na nyaraka za Kisogdi za mlima Mugh, usizisahau.

SALMA: Sizisahau, hizo utasoma wewe.