Kurekebisha mshikio wa Sony a7 II ukae kwenye a7 III

Habari zenu, karibuni mezani kwangu. Hiki nilichoshika ni mshikio wa chini, bamba la alumini lenye kipande cha mbao upande wa mbele, uliotengenezwa kwa ajili ya Sony a7 II. Kamera niliyonayo ni hii, a7 III. Leo tunaukata na kuupiga tupa mpaka ukae sawasawa, hapahapa nyumbani.

Kwanza niwaonyeshe kwa nini tunahangaika. Nashika kamera hivi. Mnaona? Vidole vingine vimepata pa kukaa, kidole cha mwisho kinaning'inia. Kwa picha mbili tatu husikii kitu. Lakini sisi wa harusi unaanza saluni asubuhi, kanisani, ukumbini, mpaka keki inakatwa ni usiku wa manane, na mbele umefunga lenzi nzito ya 24-70. Kidole hicho kisipobeba, mzigo wote unakuja hapa kwenye kifundo cha mkono. Bamba linarefusha sehemu ya kushikia kuelekea chini, kidole kinapata kazi. Mimi naupenda huu kuliko ule mshikio mkubwa wa betri, kwa sababu ule unaongeza uzito, na siku ya kuweka kamera kwenye gimbali, kile kifaa cha kutuliza kamera unaporekodi video, lazima uuvue.

Habari njema ni kwamba kamera hizi mbili zina upana uleule, milimita 126.9, kwa hiyo urefu wa bamba hatuugusi. Shida ni betri. a7 II ya 2014 inatumia NP-FW50, ile ndogo ya 1020 mAh. a7 III ya 2018 ikaja na NP-FZ100 ya 2280 mAh. Zilaze hivi sambamba uone: ya zamani karibu milimita 32 kwa 18, mpya karibu 39 kwa 23. Betri ikinenepa na mlango wake unanenepa, sasa bamba la zamani linaukalia mlango. Hicho ndicho tunachokata. Kadi za kumbukumbu zinaingia ubavuni, hazituhusu.

Vifaa: jiriwa, drili, tupa bapa na tupa ya duara, msasa wa 240 na wa 600, kalipa ya kupimia milimita, karatasi, penseli, chaki ya shule. Ndiyo, chaki, mtaona. Na mafuta ya taa kidogo kwenye kifuniko cha chupa.

Toa betri, toa lenzi, funika mdomo wa kamera. Sawa.

Bandika karatasi kwenye kitako cha kamera kwa seloteepu. Laza penseli ubavu, sugua taratibu, kama watoto wanavyosugua sarafu chini ya karatasi. Mlango wa betri unajichora wenyewe, tundu la skrubu linajichora, hata maandishi yanatokea. Usichukue vipimo vya kamera ya rafiki yako au ulivyoviona mtandaoni. Sugua kamera yako.

Sasa toa karatasi, fungua mlango wa betri mpaka mwisho, na uangalie unapita wapi ukifunguka. Mlango unahitaji nafasi zaidi ya umbo lake, kwa sababu unazunguka kwenye bawaba. Na ncha ya kidole chako lazima ifikie kile kitelezi cha kufungulia. Ongeza milimita mbili kila upande. Chora, kata kwa mkasi, bandika juu ya bamba, hakikisha tundu la skrubu la karatasi limekaa juu ya tundu la bamba. Kwangu limepishana kidogo, hilo tutalimaliza kwa tupa ya duara.

Kabla hujawasha drili, ondoa kamera mezani. Ipeleke chumba kingine. Alumini haishikwi na sumaku, kwa hiyo chengachenga zikiingia kwenye nafasi ya betri huna cha kuzivutia, na zinapitisha umeme. Yangu iko kitandani, nimeifunika kanga.

Bamba kwenye jiriwa, weka vipande vya mbao kila upande meno yasilikwaruze. Tunatoboa matundu madogo yanayofuatana, ndani ya mstari, siyo juu ya mstari. Ndani. Kila baada ya tundu, tone la mafuta ya taa. Bila hivyo alumini inanata kwenye biti, inapata moto, tundu linatoka bovu. Hapa nasogeza video mbele, matundu yote yanafanana.

Na hapo umeme umekatika. Mmesikia drili ilivyokufa? Bahati nzuri lilikuwa tundu la mwisho. Nasogea dirishani, mtaona mwanga umebadilika, tunaendelea kwa mkono.

Vunja vile vipande kati ya tundu na tundu kwa msumeno wa chuma, kisha piga tupa. Chaki kazi yake ni hii: isugue kwenye meno ya tupa kabla ya kuanza. Alumini ni laini, inajibana kwenye meno, na ikishajibana tupa inachana badala ya kula. Ukipaka chaki, vumbi linadondoka lenyewe. Ukiona mikwaruzo mirefu, simama, piga brashi ya waya, paka chaki tena. Mimi hapa sina haraka, napenda sana ukingo unavyobadilika kutoka meno ya msumeno mpaka ukawa laini.

Angalizo dogo: kama chini ya bamba lako kuna kingo mbili zilizolala mshazari, zenye upana wa karibu milimita 38, ni za kuingia kwenye kichwa cha stendi cha Arca-Swiss. Hizo usiziguse.

Tundu la skrubu nalirefusha kidogo kwa tupa ya duara, upande mmoja tu, kufuata alama ya karatasi. Sasa msasa, 240 halafu 600. Kisha nenda bombani, sabuni na mswaki wa zamani, osha kila kona. Kausha kabisa ndipo uirudishe kamera mezani.

Jaribio la kwanza. Bamba linakaa... nafungua mlango... Subirini, simu imepoteza fokasi. Haya. Mlango umegota hapa, kwenye kona. Mnauona? Unafunguka nusu tu. Usiulazimishe, bawaba yake ni ya plastiki. Weka alama kwa penseli pale unapogusa, kamera irudi kitandani, piga tupa tena kidogo, osha tena. Najua inachosha. Osha tena.

Sasa unapita. Betri inaingia, inatoka. Safi.

Tumefika kwenye skrubu, na hapa naomba unisikilize kuliko sehemu nyingine yoyote. Tundu la chini ya kamera ni la robo inchi, nyuzi 20 kwa inchi. Ukienda dukani kuuliza skrubu utaonyeshwa M6, ile bolti ya spana namba kumi, na muuzaji atakwambia ni saizi ileile. Siyo ileile. M6 ina milimita 6, robo inchi ni 6.35, na nyuzi zake hazipishani kwa nafasi moja. Itaingia mzunguko mmoja, miwili, halafu itakaza. Ukiongeza nguvu, nyuzi za kamera zimekwisha. Nimeletewa kamera ya namna hiyo, tundu limekuwa laini kama pete, na kulibadilisha ni kufungua kitako kizima. Robo inchi. Siyo M6.

La pili, urefu. Pitisha skrubu kwenye bamba bila kamera, pima kinachotokeza juu kwa kalipa. Kisizidi milimita 4.5. Tundu lina kikomo. Skrubu ndefu itagota ndani kabla bamba halijabana, wewe utahisi bamba linacheza, utaongeza kukaza, na utakuwa unasukuma tumbo la kamera. Bamba likicheza huku skrubu imekaza, rudi nyuma, usikaze. Weka washa, kile kipete cha bati, chini ya kichwa cha skrubu au upunguze ncha kwa tupa.

Kati ya bamba na kamera nabandika mpira wa tyubu ya baiskeli kwa gundi ya viatu, unazuia kuteleza na kukwaruza. Acha gundi ishike vizuri. Na kwa kuwa mpira umeongeza unene, pima skrubu upya. Ikitokeza milimita 3 tu haitoshi kubeba lenzi nzito. Yangu sasa ni 4.2, naiacha.

Kaza kwa mkono, malizia robo mzunguko kwa bisibisi. Shika. Kidole cha mwisho kiko juu ya mbao. Weka kwenye stendi, geuza kamera upande, angalia kama inazunguka. Haizunguki.

Mbao hii ya mbele ni mninga, nilikuta bamba nayo, lakini nakata na kuuza za namna hii kwa mikono mikubwa na midogo. Ukihitaji niandikie upana wa kiganja chako na aina ya kamera. Na kabla ya kila harusi, jaribu skrubu kwa bisibisi, maana mpira unabonyea siku za mwanzo.